“Indépendance Cha Cha”: Wimbo Uliowataja Wote kwa Majina

Juma hili, ndugu msomaji, ukurasa wetu unaueleza wimbo mmoja wa Kongo ambao wazee wetu wengi waliucheza walipokuwa vijana, na ambao vijana wa leo huusikia bila kujua unasema nini. Wimbo huo ni “Indépendance Cha Cha”, yaani “Uhuru Cha Cha”, wa bendi ya African Jazz iliyoongozwa na Joseph Kabasele, ambaye mashabiki walimpa jina la Grand Kallé. Ulitungwa mjini Brussels, makao makuu ya Ubelgiji, mwezi Januari mwaka 1960, miezi mitano kabla Kongo haijapewa uhuru wake. Ni wimbo wa dansi, mfupi, wa kutosha upande mmoja wa sahani ndogo ya santuri, na sehemu kubwa ya maneno yake ni orodha ya majina ya vyama na ya watu. Msikilizaji wa juu juu huuona kuwa ni wimbo wa furaha, basi. Lakini mtu akiyasikiliza majina hayo moja moja, huku akijua yaliyowapata wenyewe, huusikia kwa namna nyingine kabisa.

Tuanze na habari za wakati ule. Tarehe 4 Januari 1959 ghasia kubwa zilizuka mjini Léopoldville, mji uitwao Kinshasa hivi sasa, na watu wengi wakauawa. Serikali ya Ubelgiji, ambayo mpaka hapo ilidhani kwamba uhuru wa Kongo ni jambo la miaka mingi ijayo, ikashtuka. Mwaka mmoja baadaye ikawaita viongozi wa Kongo waje Brussels kwa mazungumzo yaliyopewa jina la Mkutano wa Meza ya Duara. Mkutano huo ulifunguliwa tarehe 20 Januari 1960. Wakongo walikuja wakiwa wamegawanyika katika vyama vingi, na vingi vya hivyo vilikuwa vya kabila moja au jimbo moja. Lakini walipofika Brussels walifanya jambo ambalo Wabelgiji hawakulitazamia, wakaunda umoja wao ulioitwa kwa Kifaransa Front Commun, ili wazungumze kwa kauli moja.

Mmoja aliyekuwa na jina kubwa kuliko wengi hakuwapo siku ya ufunguzi. Patrice Lumumba alikuwa kifungoni, kwa kosa la kuchochea machafuko ya Stanleyville ya mwezi Oktoba 1959. Wajumbe walikataa kuendelea bila yeye. Ikawalazimu wakubwa wamfungulie, naye akafika Brussels tarehe 26 Januari, alama za pingu zingali mikononi mwake. Kesho yake, tarehe 27 Januari, ikakubaliwa kwamba Kongo itakuwa huru tarehe 30 Juni 1960.

Wanamuziki walifikaje katika mambo hayo? Walialikwa na Thomas Kanza, msomi kijana wa Kikongo, ili wawaburudishe wajumbe nyakati za jioni na kuwaonyesha Wabelgiji sanaa ya nyumbani kwao. Kabasele alisafiri na watu wachache tu katika baridi ile ya Ulaya. Alikuwamo Nicolas Kasanda, mpiga gitaa la solo, ambaye watu humwita Docteur Nico. Kaka yake Charles Mwamba, aitwaye Déchaud, akishika gitaa la kusindikiza. Roger Izeidi na manyanga yake. Na Pierre Yantula, kijana aliyeitwa Petit Pierre, kwenye ngoma. Hao walikuwa wa African Jazz. Wawili waliobakia, mwimbaji Vicky Longomba na mpiga besi Armando Brazzos, walitoka OK Jazz, bendi ya Franco, ambayo ndiyo iliyokuwa mpinzani mkuu wa African Jazz katika kumbi zote za Léopoldville.

Jambo hilo la mwisho halisemwi sana, nami naliona kuwa kubwa. Waliokuwa jukwaani walikuwa wamefanya vilevile kama waliokuwa mezani. Bendi mbili zilizogombea wateja na sifa ziliweka ugomvi wao kando, zikapiga pamoja. Hivyo wimbo wa umoja uliimbwa na watu ambao wenyewe walikuwa wameungana kwa safari ile.

Sasa tuutazame muziki wenyewe. Neno “cha cha” limetoka Kuba. Huko Havana, Enrique Jorrín, mpiga fidla wa bendi iliyoitwa Orquesta América, alibuni mtindo wa cha-cha-cha mwanzoni mwa miaka ya 1950, na santuri yake “La Engañadora” ya mwaka 1953 ikautangaza duniani. Husemwa kwamba jina hilo ni mwigo wa mlio wa nyayo za wachezaji zinapoburura sakafuni hatua tatu fupi za haraka. Lakini Wakongo hawakuwa wageni wa muziki wa Kuba. Tangu mwaka 1933 kampuni ya Kiingereza ya His Master’s Voice ilikuwa ikiuza Afrika mfululizo wa santuri zenye alama za GV, nyingi zikiwa za Kikuba, nazo zilipokelewa vizuri mno katika bandari na miji ya mto Kongo. Watu walizisikia wakaona kama ni jamaa waliopotea kitambo wamerudi nyumbani. Wala hawakukosea, kwa kuwa miongoni mwa watumwa waliopelekwa Kuba wapo wengi waliotoka nchi za mto huo huo, nao walikwenda na ngoma zao vichwani.

Kabasele alizaliwa Matadi, mji wa bandari, tarehe 16 Desemba 1930, na aliunda African Jazz mwaka 1953. Sauti yake ilikuwa nyororo, isiyopiga kelele. Katika wimbo huu hasikiki kama mtu anayehutubia. Anataja mambo mazito ya siasa kwa sauti ya mtu anayemwomba bibi wacheze, na waitikiaji wanamfuata polepole, wakati manyanga yanahesabu na ngoma inashikilia cha-cha-cha chini yake. Juu ya hayo yote linapita gitaa la Nico. Kijana huyo, ambaye wakati ule alikuwa hajamaliza miaka 21, alikuwa amehitimu ualimu wa shule ya ufundi mwaka 1957, kisha akaiacha chaki akashika gitaa. (Sisi tuliosomea ualimu tunaweza kumsamehe.) Vidole vyake vinatoa sauti safi, kila noti ikisimama peke yake kama ushanga katika uzi, na mtu asiyeelewa hata neno moja la wimbo anaweza kuimba lile gitaa kwa mdomo tangu mwanzo hadi mwisho.

Maneno yake sasa. Wimbo unafungua kwa kutangaza kwamba uhuru umepatikana, na kwamba umeshindwa, yaani umetwaliwa kwa ushindi, pale Meza ya Duara. Uhuru unatajwa kwa maneno matatu: kwa Kifaransa, kwa Kilingala ambacho huuita lipanda, na kwa Kikongo ambacho huuita kimpwanza. Hilo halikuwa pambo. Kilingala kilisikika Léopoldville na juu ya mto. Kikongo kilikuwa lugha ya watu wa chini ya mto, wafuasi wa chama cha Abako. Na Kifaransa kilikuwa lugha ya mezani. Kila mmoja alipewa neno lake.

Kisha huja orodha. Vyama vya Assoreco na Abako vinatajwa kuwa vimepatana vikawa kama mtu mmoja. Conakat na Cartel vinatajwa kuwa vimependana ndani ya Front Commun. Halafu watu: Bolikango, Kasa-Vubu, Lumumba, Kalonji, Bolya, Tshombe, Kamitatu, na wengineo, akiwamo mzee Kanza. Halafu vyama vingine tena, na miongoni mwavyo, bila haya yoyote, waimbaji wanaitaja African Jazz yenyewe kuwa nayo imeshinda katika Meza ya Duara. Naipenda sehemu hiyo kupita zote. Ni majivuno, naam, lakini ni majivuno ya haki, maana hotuba za Meza ya Duara zimekaa katika makabati na wimbo huu bado unachezwa.

Ni vema kukumbuka jinsi orodha hiyo ilivyokuwa ya ajabu. Kasa-Vubu alitaka Kongo ya majimbo yenye nguvu, Lumumba alitaka Kongo moja yenye serikali moja ya kati. Kalonji alikuwa amekwisha kukivunja chama cha Lumumba, MNC, vipande viwili. Tshombe alikuwa mtu wa Katanga, jimbo la shaba, na hamu yake kubwa ilikuwa mali ya Katanga ibaki Katanga. Ungewakuta wanne hao katika chumba kimoja ungetafuta mlango. Kabasele aliwaweka katika ubeti mmoja, akaweka manyanga nyuma yao, na watu wakacheza.

Wasomaji wetu walio jeshini na polisi watapenda kujua kwamba Kilingala, lugha ya wimbo huu, kilikuwa ndicho lugha ya jeshi la Kongo lililoitwa Force Publique, kama Kiswahili kilivyokuwa lugha ya King’s African Rifles na kambi zetu. Askari wa Force Publique aliweza kuzaliwa Kasai, akafanya kazi Katanga na kumpata mke Ikweta, lakini amri aliipokea kwa Kilingala. Kwa hiyo wimbo uliposhika redio za Léopoldville na Brazzaville, nyumba za askari ziliuelewa neno kwa neno, pengine kuliko raia wengi wa mashariki. Na waliouelewa waliweza kuona jambo moja: katika majina yote hayo, hakuna jina la askari wala la jeshi.

Force Publique ilikuwa na askari wapatao 25,000. Wakati wa uhuru hapakuwa na hata afisa mmoja Mkongo. Maofisa wote walikuwa Wabelgiji. Wanasiasa walikuwa mawaziri, makarani wakawa wakurugenzi, na sajini akabaki sajini, akimpigia saluti mtu yule yule wa jana. Tarehe 5 Julai 1960, siku tano tu baada ya sherehe, kamanda wa jeshi, Jenerali Janssens, aliwakusanya askari wa Léopoldville akaandika ubaoni kwamba baada ya uhuru mambo ni sawasawa na kabla ya uhuru. Aliyefundishwa kutumia ubao hujua kwamba kuna sentensi ambazo zikishaandikwa hazifutiki kwa kitambaa. Jioni ile na siku iliyofuata askari waliasi, Léopoldville na Thysville, na uasi ukaenea nchini. Familia za Wabelgiji zilikimbia, familia za askari zikabaki makambini bila kujua baba yuko upande gani, na Ubelgiji ikaleta majeshi yake.

Baada ya hapo orodha ya Kabasele ilianza kuchanika. Tarehe 11 Julai Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Mwezi Agosti Kalonji alitangaza kujitenga kwa Kasai ya Kusini. Tarehe 5 Septemba Rais Kasa-Vubu alimfukuza Waziri Mkuu Lumumba, na Lumumba naye akatangaza kumfukuza Kasa-Vubu. Siku tisa baadaye Kanali Mobutu aliwasimamisha wote wawili. Mwisho wa habari hii wengi wanaujua: tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, alipelekwa Katanga kwa ndege mikononi mwa serikali ya Tshombe, akapigwa risasi usiku ule ule. Tangu Brussels ulikuwa haujatimia mwaka.

Kasa-Vubu aliondolewa na Mobutu tarehe 24 Novemba 1965, akafa Boma mwaka 1969. Tshombe alikufa mwaka huo huo, akiwa mfungwa nchini Algeria, tarehe 29 Juni, mkesha wa sikukuu ya uhuru. Yeyote anayetaka kuwaona watu hao wakiwa pamoja na wakiwa marafiki hana pengi pa kwenda isipokuwa kwenye sahani hii ya santuri.

Lakini wimbo ulikuwa umekwisha kuvuka mipaka, na huko ng’ambo haukubeba ugomvi wa Léopoldville. Mwaka 1960 pekee nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na kwa wengi wao neno la kwanza la wimbo lilitosha. Haikuwa lazima kumjua Bolikango. Katika nchi iliyoitwa Rhodesia ya Kaskazini, jirani wa Katanga, kampeni kali ya chama cha UNIP dhidi ya Waingereza mwaka 1961 ilipewa jina la Cha Cha Cha. Neno la dansi lilikuwa limegeuka kuwa neno la kupambana na serikali. Zambia ikapata uhuru wake mwaka 1964. Sisi wa Uganda, ambao siku yetu ilikuwa tarehe 9 Oktoba 1962, tulipakana na Kongo, na muziki wake haukuhitaji kibali cha forodha.

Kuna neno la kusema hapa kuhusu Kiswahili. Mashariki na kusini mwa Kongo walikuwa na waimbaji wao wa Kiswahili kabla ya sifa za Léopoldville. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, na gitaa lake moja tu lisilo na umeme, alikuwa amerekodiwa na Hugh Tracey tangu mwaka 1952, na wimbo wake “Masanga” ulisikika mbali. Hata hivyo ilikuwa ni Kilingala, lugha ya mto na ya jeshi, iliyobeba habari ya uhuru. Redio kubwa zilikuwa Léopoldville na Brazzaville, na mwenye redio ndiye mwenye wimbo.

Nao wanamuziki? Kabasele aliporudi alianzisha alama yake mwenyewe ya santuri, Surboum African Jazz, jambo kubwa kwa Mwafrika wa wakati ule, maana mwenye bendi kwa kawaida alikuwa mwajiriwa wa mwenye mashine. Mjini Brussels alikutana na Manu Dibango wa Kameruni, mpiga saksafoni, akamchukua mpaka Léopoldville mwaka 1961. Lakini yaliyoipata siasa yaliipata bendi pia. Mwaka 1963 Docteur Nico na mwimbaji kijana Tabu Ley Rochereau waliondoka, wakachukua wenzao wengi, wakaunda African Fiesta. Na haukupita muda mrefu wawili hao nao wakaachana. African Jazz haikupata tena nguvu yake ya zamani. Kabasele alikufa tarehe 11 Februari 1983, Nico mwaka 1985, Vicky Longomba mwaka 1988. Tabu Ley aliishi mpaka mwaka 2013.

Ukoo wa Longomba haukuuacha muziki. Lovy, mwana wa Vicky, alihamia Nairobi akaimba na bendi za huko, na wanawe pacha ndio waliounda kikundi cha Longombas, ambacho vijana wa Afrika Mashariki walikicheza sana katika miaka ya 2000. Akina mama waliolalamika juu ya kelele za Longombas sebuleni huenda hawakujua kwamba babu yao aliimba mbele ya Meza ya Duara.

Rumba ya Kongo, mto ambao wimbo huu ni kijito chake, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwezi Desemba 2021, kwa ombi la pamoja la Kinshasa na Brazzaville. Ni heshima njema. Lakini naona heshima kubwa zaidi ililetwa kabla ya hapo na kijana mmoja. Mwaka 2010, Kongo ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, mwanamuziki Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978 na kukulia Ubelgiji, alikwenda Kinshasa akarekodi na wanamuziki wa pale. Alichukua sauti ile ile ya “Indépendance Cha Cha”, na pale Kabasele alipoweka orodha ya washindi, yeye akaweka maneno ya kurap juu ya kilichofuata, uchaguzi na vita na ahadi. Wimbo wake ana majina mawili kwa pamoja. La kwanza ni la Kifaransa, “Le Jour d’Après”. La pili ni la Kiswahili cha kwao Katanga: “Siku ya Baadaye”.